Sura ya Saba: Sukari Iliyofungwa Ndani ya Bua

Mtoto aliyekulia karibu na shamba la mahindi anajua kwamba bua bichi ni tamu. Unalikata likiwa bado la kijani, unalimenya kwa meno, unatafuna na kufyonza, kisha unatema makapi. Halifikii muwa, lakini utamu upo. Rudi kwenye shamba hilohilo baada ya mavuno, uchukue bua lililokaushwa na jua ulitafune: utaambulia vumbi na nyuzi.

Utamu umekwenda wapi? Sehemu yake imepanda hadi kwenye punje na kuwa wanga, na hiyo tunaila kwa ugali. Sehemu nyingine haikutoka buani. Molekuli za glukosi zimeshikana moja na nyingine, maelfu kwa maelfu, zikawa kuta za seli zinazolifanya bua lisimame wima kwenye upepo. Kuta hizo zimejengwa hasa kwa selulosi. Ulimi wetu hauwezi kuionja wala tumbo letu kuisaga. Ng'ombe anaiweza, kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi tumboni mwake.

Kwa miaka mia mbili sasa wanasayansi wamekuwa wakijaribu kufanya kiwandani kazi ambayo ng'ombe huifanya akiwa amelala kivulini anacheua: kuifungua selulosi iwe sukari tena. Sukari ikipatikana, hamira huigeuza kuwa ethanoli, na ethanoli huendesha gari na kuwasha jiko. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kazi hii inafaa kufanywa. Naamini vilevile kwamba waliomwaga fedha nyingi zaidi katika kazi hii waliianzia upande mgumu, na kwamba Afrika Mashariki tuna sababu nzuri za kuanzia kwingine.

Kemia yenyewe si ngeni. Mwaka 1819 Mfaransa Henri Braconnot, aliyekuwa akisimamia bustani ya mimea mjini Nancy, alichukua matambara ya kitani akayaloweka kwenye asidi kali ya salfuriki, akayazimua kwa maji na kuyachemsha. Alipoiondoa asidi kwa chokaa, kilichobaki kilikuwa sukari. Jambo lililowashangaza watu wa wakati wake ni kwamba sukari hiyo ilikuwa nzito kuliko matambara yaliyotumika. Leo sababu inajulikana: kila kiungo cha selulosi kinapokatika humeza molekuli moja ya maji, hivyo kilo 100 za selulosi safi huzaa kilo 111 za glukosi. Hamira ikiipata glukosi hiyo, kwa hesabu ya karatasi nusu yake hivi huwa ethanoli na nusu nyingine hupotea hewani ikiwa kabonidayoksaidi. Tani moja ya selulosi, pasipo hasara yoyote, ingetoa zaidi ya lita 700 za ethanoli.

Hasara lakini hazikosekani. Asidi inayokata selulosi huila mitambo, na ikicheleweshwa kidogo huiunguza hata sukari iliyoitoa. Ujerumani na Urusi ya Kisovieti zilijenga viwanda vya asidi vilivyotengeneza spiriti kutokana na mbao, kwa kuwa zilitaka mafuta kwa gharama yoyote. Kwingineko petroli ilipokuwa ya bei nafuu, viwanda vya namna hiyo havikudumu.

Tatizo lingine ni kwamba bua si selulosi tupu. Bua la mahindi lililokauka lina selulosi karibu asilimia 35 hadi 40. Lina pia hemiselulosi, ambayo ni robo yake au pungufu kidogo, nayo imejengwa kwa sukari za aina nyingine, hasa zailosi. Halafu kuna lignini, gundi ngumu ya rangi ya kahawia inayovifunika hivyo viwili. Lignini haina sukari hata chembe. Hiyo ndiyo inayofanya mti uwe mti, na ndiyo inayomzuia kila anayeitaka selulosi iliyo nyuma yake, awe fundi wa kiwanda au kijidudu.

Kiumbe aliyeleta njia nyingine alipatikana vitani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lililokuwa likipigana na Wajapani kwenye visiwa vya Solomon liligundua kwamba vifaa vyake vinaoza. Mahema ya turubai, mikanda ya pamba ya kubebea risasi, nguo na kamba vilikuwa vikidhoofika na kuchanika katika muda mfupi. Sampuli zilikusanywa na kupelekwa maabara ili ijulikane ni nini kinachovila. Mojawapo, iliyotoka kisiwa cha Bougainville, ilikuwa na kuvu wa rangi ya kijani aliyepewa namba QM6a, herufi QM zikiwakilisha idara ya ugavi ya jeshi hilo.

Kazi waliyopewa wanasayansi ilikuwa kumzuia. Elwyn Reese na baadaye mwenzake Mary Mandels, katika maabara ya jeshi iliyohamia Natick, Massachusetts, walimchunguza kwa miaka mingi ili wajue anakulaje pamba. Walichokiona ni kwamba kuvu huyu hali kwa kumeza. Hutema nje vimeng'enya, navyo vinagawana kazi: vingine hukata mnyororo wa selulosi katikati, vingine huumega kutoka mwishoni vipande viwili viwili, na vingine huvipasua vipande hivyo vikawa glukosi. Kisha kuvu hufyonza sukari iliyokwisha kuwa tayari. Mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970, maabara iliyoanza kwa kumpiga vita ilikuwa ikimlisha magazeti ya zamani ili itoe sukari. Mwaka 1977 alipewa jina la *Trichoderma reesei* kwa heshima ya Reese. Vizazi vyake vilivyoboreshwa ndivyo vinavyozalisha vimeng'enya vingi vya kuvunja selulosi vinavyouzwa duniani leo, vikiwemo vile vinavyotumiwa na viwanda vya nguo kuifanya jinzi mpya ionekane imefuliwa mara nyingi. Nikisoma historia hii nafurahi kuona kwamba ufunguo uliotafutwa kwa asidi na moto ulikuwa kwenye hema lililooza.

Ilibaki zailosi. Hamira ya mkate na bia hula glukosi lakini huiacha zailosi ilivyo, na kuiacha ni kutupa sehemu kubwa ya sukari yote ya buani. Lonnie Ingram wa Chuo Kikuu cha Florida alichukua bakteria wa kawaida wa tumboni, *E. coli*, asiyechagua sukari, akampandikiza jeni za kutengeneza ethanoli kutoka kwa bakteria mwingine aitwaye *Zymomonas mobilis*. Ofisi ya hataza ya Marekani iliupa uvumbuzi huo namba 5,000,000 mwezi Machi 1991. Wagema wa pwani yetu wamefanya kazi na huyu *Zymomonas* vizazi na vizazi pasipo kumjua kwa jina, kwa sababu ni mmoja wa wanaolichachua tembo la mnazi ndani ya kibuyu. Katika miaka hiyohiyo ya 1990, Nancy Ho wa Chuo Kikuu cha Purdue alifanikiwa kuitengeneza hamira yenyewe iweze kula zailosi pamoja na glukosi.

Basi kufikia mwisho wa karne ya ishirini kila kipande cha fumbo kilikuwa mezani. Januari 2006 Rais George W. Bush aliliambia Bunge la Marekani kwamba lengo ni ethanoli ya vipande vya mbao, mabua na nyasi iweze kushindana sokoni ndani ya miaka sita. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyotaka nchi hiyo ichome galoni bilioni 16 za mafuta ya selulosi kwa mwaka ifikapo 2022, yaani lita bilioni 60 hivi. Fedha zikamiminika. Kiwanda kilifunguliwa Crescentino, Italia, mwaka 2013. Septemba 2014 Mfalme Willem-Alexander wa Uholanzi alikuwa Emmetsburg, Iowa, kwenye ufunguzi wa kiwanda cha kampuni za POET na DSM cha galoni milioni 20 kwa mwaka. Mwezi uliofuata Abengoa ya Hispania ikafungua chake Hugoton, Kansas. Oktoba 2015 ikawa zamu ya DuPont, mji wa Nevada hukohuko Iowa, kwa kiwanda cha galoni milioni 30, kikubwa kuliko vyote.

Cha Hugoton kilisimama mwisho wa 2015, mwenye nacho akiwa amezama kwenye madeni. DuPont ilifunga mwaka 2017. Crescentino nacho kilisimama mwaka huohuo. Emmetsburg ilivumilia hadi Novemba 2019, ikatangaza kusitisha uzalishaji. Zile galoni bilioni 16 hazikuonekana.

Ukiwasikiliza wengi utaambiwa ni bei ya mafuta, na kweli bei hiyo ilianguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya dola 50 mwanzoni mwa 2015. Siasa za Marekani nazo hazikutulia. Lakini mimi naona jibu lililo kubwa zaidi liko kwenye lango la kiwanda, pale lori linaposhusha mabua.

Chukua kiwanda cha DuPont. Kilihitaji tani 375,000 za mabua kwa mwaka, kutoka kwa wakulima wapatao 500 walio ndani ya kilomita 50 hivi. Mabua hayo hayavunwi mwaka mzima. Yanapatikana kwa wiki chache za vuli, kati ya kuvuna mahindi na kuanguka kwa theluji, na mvua ikinyesha humo katikati yanalowana. Lazima yakusanywe, yafungwe marobota, yabebwe, yapangwe kwenye malundo makubwa kuliko nyumba, kisha yalindwe dhidi ya moto na kuoza mpaka siku ya kutumika. Robota ni jepesi kwa ukubwa wake. Lori hujaa kabla halijawa zito, kwa hiyo unalipa nauli ya kusafirisha hewa.

Mashine inayokusanya mabua hupita chini na kuzoa udongo. Robota likifumuliwa, ndani yake mna mchanga, mawe, mizizi yenye matope, pengine kipande cha waya. Bua lenyewe lina silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye kioo. Vitu hivi vyote vinasukumwa kwa parafujo kubwa ya chuma kuingia kwenye chombo chenye mvuke wa nyuzi 180 au zaidi, ambamo mgandamizo unasukuma kwenda upande wa pili. Lazima viingie mfululizo, usiku na mchana, mvuke usitoroke. Mchanga ulisaga vyuma, mabua yakaziba njia, mafundi wakasimamisha mtambo, wakafungua, wakasafisha, wakaanza upya. Mwaka 2017 Emmetsburg ilitangaza kwa furaha kwamba hatua hii ya mwanzo sasa inafanya kazi asilimia 80 ya muda na kwamba tani moja inatoa galoni 70, karibu lita 265. Kwa uhandisi yalikuwa mafanikio ya kweli, na yanastahili heshima. Miaka mitatu ilikuwa imekwisha kupita.

Kuvu wa Bougainville alifanya alichoahidi, na hamira ya zailosi vilevile. Kilichokwamisha ni kukusanya kitu chepesi, kichafu na kilichotawanyika juu ya ardhi yote ile.

Sasa weka picha hiyo juu ya mashamba yetu. Iowa ni tambarare, barabara zake zimenyooka, mkulima mmoja ana mamia ya ekari na trekta la kila kazi. Kama huko mabua yaliwashinda, itakuwaje yakitoka kwenye shamba la ekari mbili Mbozi au Trans Nzoia, lililo juu ya mlima, kwa njia inayopitika kiangazi tu? Tena huku bua lina mwenyewe. Familia za miteremko ya Kilimanjaro zinazofuga ng'ombe zizini hushuka tambarare baada ya mavuno, hununua au huomba mabua na kuyapandisha kwa gari hadi nyumbani, kwa sababu huko juu majani hayatoshi. Bua lisipoliwa na ng'ombe hubaki shambani likazuia mvua isiukokote udongo, au hupikiwa. Mtu akija na mradi wa kununua mabua ya kijiji kizima, nitamwuliza kwanza ng'ombe watakula nini na udongo utafunikwa na nini. Hata Iowa wakulima waliruhusiwa kuchukua sehemu tu ya mabua, mengine yakaachwa kulinda ardhi.

Ndiyo maana nasema tuanzie pale ambapo masazo yamekwisha kukusanywa na mtu mwingine, kwa gharama yake, kwa ajili ya biashara nyingine. Kiwanda cha sukari kimeshaleta muwa, kimeuosha na kuukamua. Kinabaki na makapi, yaani bagasi, ambayo kinaichoma kwenye boila zake, na kinabaki na molasi.

Molasi nyeusi ukiimimina kutoka kwenye ndoo huteremka polepole, nzito, na harufu yake inapanda kichwani. Karibu nusu ya uzito wake bado ni sukari, ila sukari iliyogoma kuganda kuwa chembe hata baada ya kupikwa mara tatu. Haihitaji kuvu wala asidi. Unaizimua kwa maji, kwa kuwa hamira haiwezi kuishi kwenye utamu mzito kiasi hicho, unaweka hamira, unalinda joto lisipite nyuzi 33 hivi. Tangi huanza kutoa povu na kuchemka lenyewe pasipo moto. Baada ya siku moja au mbili povu hutulia, na kimiminika kilichobaki kina ethanoli asilimia 8 hadi 10. Hapo kinaingia kwenye mnara wa kukeneka. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100, na tofauti hiyo hurudiwarudiwa ndani ya mnara sahani kwa sahani mpaka juu kabisa inatoka spiriti ya asilimia 95 au 96. Tani moja ya molasi hutoa lita 250 hivi, zinazokaribia zile 265 za Emmetsburg, bila parafujo kubwa wala marobota.

Kazi hii tunayo muda mrefu. Kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kilijengwa Muhoroni, katikati ya ukanda wa miwa wa magharibi mwa Kenya, na katika miaka ya 1980 ethanoli yake ilichanganywa na petroli iliyouzwa nchini humo. Mpango huo haukudumu, bei zikiwa sababu mojawapo. Malawi ilianza mwaka 1982 kwa molasi ya Dwangwa, kando ya Ziwa Nyasa, na imeendelea kuchanganya kwa miongo minne. Haina bahari wala mafuta yake yenyewe, kila lita ya petroli inaifikia kwa safari ndefu, na hesabu hiyo imeupa mpango wake uhai.

Kuna jambo ambalo wapangaji wetu hulipita haraka. Spiriti ya asilimia 95 haifai kuchanganywa na petroli, kwa sababu maji yaliyomo hujitenga na kutulia chini ya tangi. Mnara hauwezi kuyaondoa maji hayo ya mwisho hata urefushwe vipi. Inabidi mvuke upitishwe kwenye chembe za zeolaiti zinazonasa maji na kuiacha ethanoli ipite, hadi ifike asilimia 99.5. Huo ni mtambo mwingine na gharama nyingine. Jiko halidai hayo. Linawaka vizuri kwa spiriti yenye maji kidogo, halina moshi wala masizi, na lita inayowaka jikoni inachukua nafasi ya mkaa. Ethanoli ina theluthi mbili tu ya nishati ya petroli kwa kila lita, kwa hiyo ndani ya gari daima itapimwa na kitu kinachoizidi. Jikoni inapimwa na gunia la mkaa linalopanda bei kila mwaka, pamoja na mapafu ya anayepika. Ningekuwa na lita chache za kugawa, ningezipeleka Kariakoo na Kibera kupikia kabla ya kuzipeleka kituo cha mafuta. Zitiwe rangi na dawa chungu zisije zikanywewa, kama inavyofanywa kwa spiriti ya kuunguza kokote kwenye usimamizi mzuri.

Kila lita ya ethanoli ya molasi huacha lita 10 hadi 15 za maji ya kahawia, ya moto, yenye asidi na harufu mbaya. Yakimwagwa mtoni hula oksijeni yote na samaki hufa. Brazili, iliyoanzisha mpango wake wa ethanoli mwaka 1975, ilijifunza kuyarudisha kwenye mashamba ya miwa kwa vipimo, kwa kuwa yana potasiamu nyingi. Wengine huyaingiza kwenye matangi yaliyofungwa yatoe gesi ya kuchemshia boila. Anayejenga kiwanda bila kueleza maji haya yatakwenda wapi anataka wanaokaa chini ya mto walipe sehemu ya gharama zake, na asipewe kibali.

Gesi hiyo ndiyo iliyokiokoa kile kiwanda cha Nevada, Iowa. Kampuni ya Kijerumani ya Verbio ilikinunua mwaka 2018 na kukigeuza. Mabua yaliendelea kuingia, lakini badala ya ethanoli yakatoa methani, kwa kuwa bakteria wa methani hawachagui sukari, hawataki vimeng'enya vya kununua, wala hawahitaji mnara wa kukeneka. Tanga walishaiona njia hiyo. Kwenye korona, yaani mashine ya kutenga nyuzi za mkonge, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na masazo yote huteremka na maji. Huko Hale ulijengwa mtambo wa kuyageuza masazo hayo kuwa gesi ya kuzalishia umeme. Kwa taka lowevu yenye nyuzinyuzi na sukari kidogo, gesi inaishinda ethanoli, na sioni haja ya kulazimisha.

Ethanoli inataka sukari iliyo huru, na tunayo nyingine tunayoiacha ioze. Mikoa ya Mtwara na Lindi huvuna korosho kati ya Septemba na Januari, na kila korosho inaning'inia chini ya bibo lenye uzito wa mara tano hadi kumi kuliko punje yenyewe. Maji ya bibo yana sukari karibu asilimia 10. Kwa hesabu yangu, tani moja ya mabibo inaweza kutoa kama lita 40 za ethanoli, na wakazi wa kule wanajua tangu zamani kwamba yanachachuka, kwa kuwa wanayapikia gongo. Mabibo yameshaokotwa pamoja na korosho, na mwokotaji hana pa kuyapeleka. Ugumu wake ni muda: bibo lililoanguka asubuhi linaanza kuharibika kabla ya kesho yake, kwa hiyo kinu cha kukamua lazima kiwe kijijini, na maji yake yaanze kuchachuka hapohapo ndipo yasafiri kwenda kwenye mnara. Msimu ukiisha mnara hauna kazi, isipokuwa mikoa hiyohiyo inalima mihogo mingi, na muhogo uliokataliwa sokoni ukipikwa na kutiwa kimeng'enya cha wanga hutoa sukari kwa urahisi ambao bua halijawahi kuutoa. Mnara mmoja, mabibo kwa miezi mitano na mihogo kwa miezi iliyobaki: huo ndio mradi ambao ningependa kuona hesabu zake zikipigwa kwa makini, kwa bei halisi za Masasi na Newala, kabla mtu hajatuletea tena mchoro wa kiwanda cha mabua.